Ngoma ya Madaba na Tabla ya Kisutu

Abiria anayepanda basi la Songea huku akisema kwamba atashukia Madaba hana budi kuizoea hali ya kuulizwa njia nzima: "Madaba? Unafuata nini Madaba?" Mimi niliulizwa hivyo Morogoro, nikaulizwa Iringa, na tulipokwisha kupita Makambako na Njombe, mama mmoja aliyekaa nyuma yetu akaniuliza kwa mara ya mwisho, wakati basi likiteremka mlima wa Lukumburu kwa mwendo wa kinyonga. Nikamjibu kwamba nafuata ngoma. Akacheka, akadhani nakwenda harusini.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nafuata ngoma moja tu, ya ngozi na mti, iliyokuwa mali ya marehemu baba yangu. Baba alizaliwa Madaba, akaja Dar es Salaam miaka ya 1980, wakati barabara ya lami ya kutoka Makambako hadi Songea ilipojengwa na safari ya siku nyingi ikageuka kuwa safari ya siku moja. Alifanya kazi bandarini hadi alipostaafu, akafariki mwaka jana. Ngoma yake aliiacha kwa kaka yake, yaani baba mkubwa wangu. Mwezi Juni shule zilipofungwa, nikamchukua binti yangu wa miaka tisa, tukaenda kuichukua.

Nia yangu, nikiri mbele yako ndugu msomaji, ilikuwa kuitundika ukutani sebuleni.

Madaba ni mji mdogo uliojipanga kando ya barabara kuu, zaidi ya kilomita 100 kabla hujafika Songea mjini. Tangu 2015 una halmashauri yake ya wilaya. Wakazi wake, Wangoni, Wabena na majirani zao, ni wakulima wa mahindi na maharage, na upande wa Wino kuna misitu ya misonobari iliyopandwa kwa safu kama askari wa gwaride. Asubuhi za Juni ukungu hukaa juu ya mashamba mpaka jua lipande, na mtu wa pwani asiyekuja na sweta hujuta. Sisi tulikuja na moja, tukagawana.

MANENO YA NGOMA

Jioni ya kwanza, baada ya kula, baba mkubwa aliwasha moto uani. Aliitoa ngoma ndani, akaisogeza karibu na moto, akawa anaigeuza taratibu kama mtu anayeanika nguo ya mtoto. Ngozi ikikaza, anaigonga kwa kidole, anasikiliza, anairudisha motoni. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu, na binti yangu akaanza kupiga miayo.

"Babu, mbona hupigi?"

"Napiga, mjukuu wangu. Huku ndiko kupiga. Ngoma isiyosikilizwa kwanza haipigiki."

Kisha, kabla mkono wake haujagusa ngozi kwa nguvu, akaitamka ngoma kwa mdomo: *ndi-ndi-pa, ndi-pa, ndi-ndi-pa, ndi-pa*. Alitamka hivyo mara kadhaa, ndipo mikono ikafuata, nayo ikasema vilevile alivyotamka. Ilikuwa mipigo ya lizombe, ngoma mashuhuri ya Wangoni, ambayo msomaji wa Ruvuma anaifahamu hata akiisikia kutoka kilima cha pili. Alieleza kwamba yeye na baba yangu walifundishwa hivyo na babu yao: miezi ya maneno kwanza, mikono baadaye. Aliyeshindwa kuitamka ngoma hakuruhusiwa kuigusa.

Hapo, ndugu msomaji, nikapigwa na bumbuwazi. Mimi maneno ya namna ile niliwahi kuyasikia, lakini si Madaba, wala si kinywani mwa baba yangu. Niliyasikia Kisutu.

NGAZI ZA KISUTU

Nilipokuwa mtoto tulipanga chumba karibu na Kisutu, Dar es Salaam, katika mitaa yenye mahekalu ya Wahindu, ambako jioni harufu ya ubani huchanganyika na harufu ya bisi na mihogo ya kukaanga. Ghorofa ya chini waliishi jirani zetu wenye asili ya Gujarati. Kila siku saa kumi na moja jioni babu wa nyumba ile alimketisha mjukuu wake, mvulana wa rika langu, mbele ya ngoma mbili ndogo, akamfundisha. Hakumruhusu kuzipiga kwanza. Alimtaka atamke: *dha dhin dhin dha, dha dhin dhin dha, dha tin tin ta, ta dhin dhin dha*. Mimi nilikaa kwenye ngazi nikisikiliza. Nilidhani ni sala. Nikayashika maneno yale bila kujua maana yake, kama mtoto anavyoshika namba ya nyumba ya mtu asiyemjua.

Haikuwa sala. Ilikuwa somo la kwanza la tabla, na maneno yale ndiyo mzunguko wa mapigo 16 uitwao tintali, unaotumika kuliko yote katika muziki wa kale wa India ya Kaskazini. Mvulana yule sasa ni mhasibu, nasi tungali tunasalimiana. Ndiye aliyenifungulia mlango wa muziki huu nilipokwisha kuwa mtu mzima, na ndiye aliyenipa sauti nilizokwenda nazo Madaba ndani ya simu.

Muziki huo ni wa namna gani? Ngoja nikueleze kwa kifupi, kwa kuwa sisi Watanzania tumeishi jirani nao kwa vizazi vingi, na wengi wetu tumeishia kwenye ngazi.

BAHARI NA MIZANI

India ina mapokeo makuu mawili ya muziki wa kale. Ya Kaskazini huitwa Hindustani, na ya Kusini huitwa Karnatiki. Yote mawili yana shina moja, lakini muziki wa Kaskazini ulikua pia katika majumba ya wafalme Waislamu, na mwimbaji wake mashuhuri wa zamani, Tansen, aliimba katika baraza la mfalme Akbar katika karne ya 16. Ule wa Kusini umejengwa zaidi juu ya nyimbo za ibada zilizotungwa na watunzi kama Tyagaraja, aliyeishi tangu 1767 hadi 1847, nazo zinaimbwa hata leo.

Nguzo za muziki huu ni mbili: raga na tala.

Msomaji anayependa mashairi hatapata taabu kuzielewa. Malenga wetu hatungi ovyo. Ana bahari yake, ana vina, ana mizani, na ndani ya mipaka hiyo yuko huru kusema lake. Raga ni kama bahari ya shairi. Si wimbo, bali ni utaratibu wa sauti ambamo nyimbo nyingi zaweza kuzaliwa. Sauti zenyewe ni saba: sa, re, ga, ma, pa, dha, ni. Nyingine kati ya hizo huweza kushushwa au kupandishwa kidogo. Kila raga huchagua sauti zake, kwa kawaida si chini ya tano, na huamua ipi ndiyo mwenye nyumba, ipi ni mgeni wa kupita, ipi hupandiwa moja kwa moja na ipi hufikiwa kwa kuzunguka. Mafundi wa Kaskazini hupanga raga nyingi katika makundi kumi, mpango uliowekwa na mwanachuoni Bhatkhande, aliyefariki 1936. Kusini kuna mizani mikuu 72.

Isitoshe, katika mapokeo ya Kaskazini kila raga ina saa yake. Bhairav ni ya alfajiri. Yaman ni ya jioni, taa zinapowashwa. Malkauns ni ya usiku wa manane. Zile za ukoo wa Malhar ni za masika. Nilipomweleza baba mkubwa jambo hili hakushangaa hata kidogo. Alisema kwamba huku nako kuna ngoma ya mavuno na ngoma ya msiba, na mtu akipiga ya mavuno msibani watu watamwuliza kama ana akili timamu.

Tala nayo ndiyo mizani: mzunguko wa mapigo ambao hurudi na kurudi. Tintali ina mapigo 16, jhaptali ina 10, rupaki ina 7, na Kusini mzunguko unaopendwa sana, adi, una 8. Pigo la kwanza ndilo nyumbani. Mwimbaji na mpiga tabla waweza kuachana njiani, kila mmoja akapita uchochoro wake, lakini ni sharti wakutane nyumbani kwa wakati mmoja. Wakikutana vizuri baada ya kupotezana kwa muda mrefu, wasikilizaji hutikisa vichwa na kusema "wah!" kama sisi tunavyopiga vigelegele.

ALIPONYAMAZA MKONO WA KUSHOTO

Usiku wa pili nilimsikilizisha baba mkubwa tabla ya Zakir Hussain. Sikumweleza chochote. Aliishika simu kwa mikono miwili, akaiweka sikioni, akafumba macho. Mkono wake wa kulia ukaanza kugonga goti.

Baada ya muda mfupi akasema: "Huyu anakwenda hatua nne mara nne."

Nikanyamaza.

"Halafu hapa," akaendelea, "kila akipita nusu ya njia, ngoma nzito inanyamaza. Anapiga ile nyembamba peke yake. Anatuambia: nusu ya safari imekwisha, jiandaeni kurudi. Umesikia? Sasa mkono wa kushoto umerudi. Sasa nyumbani."

Akapiga kofi moja palepale, kwenye pigo la kwanza.

Ndugu msomaji, mzee yule hajapata kufika India, wala hajasoma kitabu cha muziki. Lakini alilolisema ndilo lililoandikwa vitabuni. Wanafunzi wa tabla huuhesabu mzunguko wa tintali kwa mikono: hupiga kofi kwenye pigo la 1, la 5 na la 13, na kwenye pigo la 9 hawapigi, bali hufungua kiganja tu. Pahali hapo huitwa khali, maana yake patupu. Na ni kuanzia hapo ndipo ngoma nzito ya mkono wa kushoto hunyamazishwa kwa mapigo kadhaa, kisha hurejea kumwonyesha msikilizaji njia ya nyumbani.

Tabla ni ngoma mbili. Ya kulia ni ya mti, ya kushoto kwa kawaida ni ya shaba au madini mengine. Juu ya ngozi ya kila moja kuna doa jeusi la mviringo, linalotengenezwa kwa uji wa unga uliochanganywa na vumbi la chuma, ukapakwa tabaka juu ya tabaka na kusuguliwa kwa jiwe. Doa hilo ndilo huipa tabla sauti safi inayoweza kulinganishwa na sauti ya mwimbaji. Baba mkubwa alitaka kujua kama na wao huipasha ngozi motoni. Nikamweleza kwamba wao hutumia nyundo ndogo, hugonga vipande vya mti vilivyobanwa chini ya kamba za ngozi, mpaka sauti ikae sawa. Na kazi hiyo nayo huchukua muda mrefu. Mwaka 1971, Ravi Shankar, bingwa wa sitari, alipopiga pamoja na wenzake New York katika tamasha la kuwachangia watu wa Bangladesh, walianza kwa kulinganisha ala zao. Watazamaji wakadhani huo ndio muziki, wakapiga makofi. Akawashukuru kwa adabu, akawaambia kwamba kama wamependa kulinganisha, anatumaini watapenda zaidi kupiga kwenyewe.

Binti yangu alicheka sana kwa kisa hicho, kwani na yeye alipiga miayo mbele ya moto usiku uliotangulia.

MLIO WA NYUKI

Jambo jingine linalotuunganisha ni mlio. Nyuma ya mwimbaji wa Kihindi huketi mtu mwenye tanpura, ala ndefu yenye nyuzi nne au zaidi, ambaye kazi yake ni kuzipitia nyuzi zilezile mwanzo hadi mwisho, ili mwimbaji asipotee. Chini ya kila uzi, palipo na daraja la ala, huwekwa kipande kidogo cha uzi wa pamba, ili sauti ivume kama nyuki mzingani. Bila uvumi huo wao huiona sauti kuwa tupu, kama chakula kisicho na chumvi.

Sasa linganisha na kwetu. Katika mganda unaochezwa kando ya Ziwa Nyasa, wapigaji hutumia vibuyu vyenye tundu lililofunikwa kwa utando wa buibui, ili sauti ya mtu ipate mlio wa baragumu. Wagogo nao hubandika utando wa buibui kwenye tundu za marimba zao za vidole, na msomaji aliyewahi kumsikia marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki 2003, anaujua utamu wake. Watu wa mbali waliosikia milio hii walidhani ala zimeharibika. Hazikuharibika. Fundi alitaka ziseme hivyo.

Na wewe mama unayesoma gazeti hili jikoni, ujue kwamba Kusini mwa India chungu cha udongo ni ala ya heshima. Huitwa ghatam. Mpigaji hukipakata, hukipiga kwa vidole na viganja, na hukaa jukwaani na wapiga fidla bila aibu yoyote.

MUZIKI ULIVYOVUKA BAHARI

Pengine utasema: hayo ni ya India, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Mwezi Machi 1928, Siti binti Saad wa Unguja alisafiri na wenzake hadi Bombay, akarekodi nyimbo zake katika sahani za santuri, na sauti ya mwanamke Mwafrika aimbaye Kiswahili ikarudi pwani yetu kwa meli. Hamoniamu, kile kinanda cha sanduku kinachopulizwa kwa mkono, kilitoka Ulaya kikaenda India, mafundi wa Kalkuta wakakipunguza katika karne ya 19 ili kipigwe na mtu aliyeketi chini, nacho kikavuka kuja katika taarabu. Tashkota ya Mombasa ilibuniwa Japani, ikapata jina jipya India, ndipo ikafika kwetu. Marehemu Juma Bhalo, aliyefariki 2014, aliimba tungo za Kiswahili juu ya nyimbo za filamu za Kihindi, na tabla ikimsindikiza.

Filamu nazo zilibeba mengi kuliko tulivyodhani. Wazee wetu waliopanga foleni kutazama *Awara* na *Mother India* walisikia humo sauti zilizotoka moja kwa moja katika raga. Iko hata filamu nzima ya 1952, *Baiju Bawra*, inayosimulia mashindano ya kuimba mbele ya mfalme Akbar, na muziki wake Naushad aliujenga juu ya raga. Mtu aliyelia ndani ya sinema bila kujua Kihindi, alilizwa na elimu ya karne nyingi.

Huenda unakumbuka pia kwamba mwezi Julai 2016, Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, alipozuru Dar es Salaam, alisimama Ikulu pamoja na Rais John Magufuli, wakapiga ngoma pamoja. Picha ile ilichekesha wengi. Nilipoiona sikucheka sana. Nilikumbuka ngazi za Kisutu.

GUNIA ZA CHUMVI

Siku ya tatu baba mkubwa alinisimulia jambo ambalo hata baba yangu hakuwahi kuniambia. Katika miaka ya 1960, akiwa kijana, alikwenda Songea mjini akapata kazi ya kupanga na kubeba mizigo katika duka la Mhindi. Kila jioni duka lilipofungwa, watu wa nyumba ile waliketi chumba cha nyuma wakaimba, mmoja akipuliza kinanda cha sanduku na mwingine akipiga ngoma mbili ndogo. Yeye alikaa stoo, juu ya gunia za chumvi, akisikiliza.

"Walikukataza kuingia?" nikamwuliza.

"Hawakunikataza, mwanangu. Wala hawakuniita."

Akakoroga moto. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 familia ile ilihama, duka likachukuliwa na wengine, na ngoma zile mbili zikaondoka. "Ningeitwa mara moja tu," akasema, "ningejua. Lakini na mimi je? Lizombe ilipochezwa, nilikwenda kumwita yule kijana wao? Sikumwita."

Nilikaa kimya kwa muda mrefu, kwa sababu neno lile lilinigusa pahali pengine kabisa. Baba yangu, aliyejua ngoma kiasi kwamba kaka yake humsifia hadi leo, aliishi Dar es Salaam zaidi ya miaka 30 bila kuipiga hata siku moja mbele yetu. Alitaka tusome. Alihofu kwamba ngoma ingeturudisha nyuma, majirani wangetuita washamba, na walimu wangetuona wavivu. Hakunikataza ngoma. Hakuniita. Na mimi nilikuwa ghorofani, nimekaa kwenye ngazi, nikisikiliza babu wa watu wengine akimwita mjukuu wake kila siku saa kumi na moja.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Wahindi wa Kaskazini huuita ukoo wa muziki gharana, neno linalotokana na nyumba. Elimu hiyo haiishi katika vitabu tu. Huishi ndani ya nyumba, kutoka mdomo hadi sikio. Mwanafunzi anapokubaliwa, mwalimu humfunga uzi mkononi, na tangu siku hiyo ni mtoto wa nyumba. Zakir Hussain, yule aliyemfurahisha baba mkubwa kwenye simu, alipenda kusimulia kwamba alipozaliwa 1951 na kukabidhiwa kwa baba yake, Alla Rakha, ili amnong'oneze dua sikioni, baba yake alimnong'oneza mapigo ya tabla. Hiyo ndiyo dua yake, alisema. Mtoto yule akakua, akaizungusha tabla dunia nzima, hadi alipofariki Desemba 2024.

Sisemi kwamba nyumba zote za Kihindi zimefanya hivyo. Huko nako wazazi wanataka watoto wawe madaktari na wahandisi, na jirani yangu mhasibu ananiambia kwamba watoto wake mwenyewe hawataki kuisikia tabla. Wala sisemi baba yangu alikosea kututaka tusome. Kalamu ninayoandikia ni matunda ya jasho lake. Nasema tu kwamba mtoto aweza kubeba daftari na ngoma pia. M. S. Subbulakshmi, mwimbaji wa Kusini aliyeimba mbele ya Umoja wa Mataifa 1966, alianza kufundishwa nyumbani na mama yake, aliyekuwa mpiga vina. Mama yule alimwita binti yake.

NGOMA ILIYOBAKI

Asubuhi ya kuondoka niliifunga ngoma ya baba katika kanga, tayari kwa safari. Baba mkubwa akaja, akaniuliza itakaa wapi. Nikamwambia: sebuleni, ukutani.

Akaifungua kanga taratibu, akaikunja, akanirudishia.

"Ngoma haiendi mjini kutundikwa kama picha ya marehemu. Marehemu tumemzika. Hii bado inasema."

Nikataka kubishana, lakini nilipogeuka nikamwona binti yangu ameketi kizingitini, sweta letu moja limemfunika mpaka magotini, anatamka polepole: *ndi-ndi-pa, ndi-pa*. Alikuwa anakosea pigo la mwisho. Mzee akamsogelea, akaketi karibu naye kwa taabu, akalitamka sawasawa. Mtoto akarudia. Akakosea tena. Mzee akarudia tena, bila kuinua sauti.

Basi lilipopiga honi barabarani walikuwa hawajamaliza. Wamekubaliana kwamba mwezi Desemba, shule zikifungwa, mtoto atarudi Madaba akiwa ameyashika maneno. Akiyashika, ataruhusiwa kuigusa ngoma ya babu yake. Akishindwa, ngoma itamngoja. Mimi sikuulizwa, na nimeona ni haki yangu kutoulizwa.

Ndugu msomaji, ukipata nafasi, sikiliza muziki huu wa India. Chagua raga ya jioni, Yaman kwa mfano, uisikilize jioni, baada ya kazi, redio ya jirani ikiwa imezimwa. Usitafute maneno, na usichoke kwa ule mwanzo mrefu usio na ngoma. Hapo mwimbaji anaipasha raga motoni. Tabla ikiingia, hesabu 16 kwa mkono juu ya goti, ungoje mkono wa kushoto unyamaze, kisha urudi. Ukiipata nyumbani mara moja, utaipata siku zote.

Na ukimaliza kusikiliza, angalia nani amekaa kwenye ngazi za nyumba yako. Mwite.